Kasha la Katarina Laenda Mnadani

Jumatatu, 10 Machi 1975

Nimerudi nyumbani kwa likizo. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimekwisha kutangaza vita.

Sababu: kasha la arusi la Katarina. Limekaa chini ya dirisha la sebule ya Bibi tangu kabla sijazaliwa, na kabla Bibi mwenyewe hajazaliwa. Mhenga wetu alilitengeneza kwa mbao za msonobari, akamchorea binti yake maua ya tulipu, mioyo, na farasi wawili wa pembe moja wanaotazamana kama mashemeji waliogombana. Juu yao jina na mwaka: Katarina Kreider, 1792. Leo naambiwa Bibi amelitoa zawadi kwa kikosi cha zimamoto cha kijiji. Litauzwa Jumamosi kwenye mnada wa matope, ule wa kila mwaka theluji inapoyeyuka, ili kikosi kinunue pampu mpya.

Mnada! Yaani wakusanyaji! Wale watu wa Boston na Filadelfia wanaotujia na viatu vya mpira vilivyonunuliwa jana, kisha wakaondoka na urithi wa taifa zima wameufunga kwa kamba juu ya gari!

Nilisimama mezani. Nikahutubia. Nilisema kwamba sanaa ya wananchi imezaliwa kwa jasho la wananchi. Kwamba tabaka lililonunua mashamba yetu, kisha likanunua viwanda vyetu, sasa limekuja kununua masanduku tunayowekea mashuka. Kwamba historia inatutazama. Bibi akasema mimi natazamwa na supu inayopoa. "Kaa ule, Lemuel, mjukuu wangu. Na unipitishie hiyo achari."

Hivyo ndivyo mapinduzi yanavyopokelewa katika kaunti hii ya Pensilvania.

Sikuvunjika moyo. Nimeunda Harakati ya Kuikomboa Sanaa ya Wananchi. Mwenyekiti: mimi. Katibu: mimi. Uchaguzi ulikuwa huru na wa haki.

Mkakati: kasha likionekana takataka, wakusanyaji watalipita. Hapo nitalinunua kwa akiba yangu ya kuosha vyombo bwenini. Litabaki mikononi mwa wananchi. Yaani chumbani kwangu.

Jumanne, 11 Machi

Bibi alikwenda kanisani kushona mfarishi na wanawake wenzake. Nikatenda.

Masizi ya jiko, makopo mawili. Vumbi la ghalani, bila kipimo. Nikaliburuta kasha hadi banda la kuku na kulitawanyia majani makavu. Kuku mwekundu akapanda juu ya mfuniko na kutoa mchango wake bila kuombwa. Mwanaharakati wa kweli. Wengine wakatulia tu wakinitazama, kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Ghafla akaja binamu yangu Harlan. Huyu ana duka la vitu vya kale kando ya barabara kuu. Hununua kwa wajane na kuwauzia mawakili. Alifuatana na Bi. Winifred Thorne wa Boston, mkusanyaji, kofia ya manyoya kichwani, tochi mkononi. Walitaka kuliona kasha kabla ya mnada. Nikawaongoza bandani kwa furaha ambayo sikuificha.

Bi. Thorne akapiga magoti juu ya mavi ya kuku. Akawasha tochi. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua ni kichefuchefu; nikasogea pembeni kumpa nafasi.

Kumbe analia!

Alisema kwa sauti ya mtu aliye ibadani kwamba halijaguswa. "Halijaguswa, Harlan! Hebu tazama uchafu huu! Huu ni uchafu wa miaka mia mbili!"

Ni uchafu wa leo asubuhi, mama. Lakini ningesemaje?

Akauliza kama yale majani yanauzwa pamoja na kasha, kwa kuwa angependa kuyahifadhi kwenye chupa. Harlan akanipiga begani wakati wa kuondoka. Akaninong'oneza kwamba yeye huwalipa watu wamtilie vumbi namna ile, tena hawafikii hata nusu. "Ukifukuzwa chuo, profesa, njoo. Kazi unayo."

Tanbihi ya kinadharia: ubepari uliokomaa huwa tayari kununua hata vumbi, mradi liwe la mtu mwingine.

Jumatano, 12 Machi

Mkakati mpya. Nitasema kasha ni bandia. Nani atanunua kasha bandia?

Nilimkuta Bi. Thorne mgahawani pamoja na Harlan, wakila mkate wa nyama ya nguruwe uliokaangwa. Nikaketi bila kukaribishwa. Nikainamisha kichwa na kuungama kwamba kasha ni kazi ya mikono yangu; nililichora mwenyewe nilipokuwa mtoto wa shule, nikalizeesha kwa chai.

Nilisubiri hasira. Bi. Thorne akaweka uma chini. Akauliza nani alinifundisha kuchora. Nikasema hakuna. Niliwahi kuingia jumba la makumbusho? Kamwe. Je, huwa naona maono? Nikasema mara chache, hasa nikiwa na njaa.

Akanishika mikono yote miwili! Alisema amezunguka nchi hii miaka thelathini akitafuta mchoraji aliye hai ambaye mkono wake haujaharibiwa. Atanipeleka Boston. Atanisimamisha ukumbini mbele ya wageni, nikiwa na viatu hivi hivi, ila nisivae soksi. Kasha la mnadani? La nini tena! Ukiwa umekipata kisima, alisema, huhangaiki na ndoo. Harlan alikuwa amepaliwa na kahawa, anajipiga kifua.

Nilikuwa nimeshinda. Niandike hivyo kwa ajili ya historia: kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, nilikuwa nimeshinda.

Ndipo Bi. Thorne akamgeukia mhudumu na kumwambia amtazame kijana huyu, kiumbe cha asili kisicho na fikra hata moja kichwani, huenda hata kusoma hajui, na tazama Mungu alivyomjalia.

Kuna matusi ambayo mwanamapinduzi huyameza kwa ajili ya lengo kuu. Hili halikuwa mojawapo.

Nikasimama. Nikamwarifu, kwa sauti iliyofika jikoni, kwamba niko mwaka wa tatu chuo kikuu; kwamba nimesoma falsafa kwa lugha tatu; kwamba insha yangu juu ya mfanyakazi aliyetenganishwa na kazi yake ilisomwa mbele ya idara nzima, na profesa mmoja alitoka nje kwa kuguswa.

Bi. Thorne akaniachia mikono. "Chuo kikuu?" akasema, kama mtu aliyeambiwa chakula alichomeza kilikuwa nini. Harlan akatikisa kichwa kwa huzuni. "Pole sana, mama. Wamekwisha kumharibu huyu."

Kisha Bi. Thorne akatoa hukumu: wale farasi hawawezi kuwa wangu. Mtu aliyesoma angewachorea magoti. Kwa hiyo kasha ni la kweli. Atalinunua Jumamosi, asema, hata ikibidi auze nyumba ya ufukweni.

Nililipa kahawa ya wote watatu. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 13 Machi

Bibi amelikuta kasha bandani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinipa brashi ya manyoya akaniketisha nipanguse masizi pole pole, bila tone la maji, huku yeye akimenya viazi kando yangu.

Akanieleza habari ya pampu. Ghala letu lilipoungua, mimi nikiwa chuoni, pampu ya kikosi ilifika uani ikakohoa kama mzee wa sigara, ikazimika. Mzee Mahlon Gehr, mkuu wa kikosi, akawapanga majirani mstari hadi kijitoni, wakapokezana ndoo kwa mikono. Ng'ombe waliokolewa. Ghala halikuokolewa. Kuna siku pampu ile itazimika tena, akasema, na kwenye uwanja huo hakutakuwa na ng'ombe peke yao.

Nikamjibu kwamba suala la pampu ni suala la muundo. Akasema muundo wa nyumba yake ni mbao.

Nikamwuliza kwa uchungu: hulipendi kasha, Bibi? Akacheka. Alisema siku aliyoletwa hapa akiwa bi arusi, mashuka yake yaliingia humo, na kila mtoto aliyemzaa alijibana vidole kwa mfuniko ule. "Sasa ulitaka nitoe nini, Lem? Kile nisichokipenda?"

Hoja ya hisia.

Kabla hajainuka alinitaka niahidi kwamba sitaligusa tena. Nikaahidi. Nilifanya hivyo kama mtu binafsi, bila shaka. Harakati haikuwepo kwenye mazungumzo hayo.

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi unanukia!

Harlan alipita asubuhi kujigamba. Akaegemea uzio na kunieleza, kama mjomba anayemfunza mpwa mjinga, kwamba hakuna kinachomtisha mkusanyaji. Mchwa? Wanampendeza. Mguu uliovunjika? Anaubusu. Panya walizaa ndani? Anataka kujua majina yao. Jambo moja tu humkimbiza. "Rangi mpya, Lem. Paka rangi mpya juu ya ile ya zamani, umeua. Nimeona wanaume wazima wakigeuza gari."

Akaondoka akipiga mluzi. Adui amenikabidhi funguo za ngome yake mwenyewe!

Tatizo: rangi mpya ingeziua tulipu. Hapa ndipo elimu ilipomtofautisha mtu na Harlan. Nilitafakari. Jibu likaja: chokaa! Chokaa tunayopaka zizini. Ni nyeupe, ni mbaya kutazama, na hutoka kwa maji. Tulipu za Katarina zitalala salama chini yake kama watoto chini ya shuka. Baada ya ukombozi nitawaamsha.

Bibi alikuwa jikoni akioka pai za mnada. Nikachanganya chokaa nzito kama uji. Iliniunguza vidole hadi malengelenge. Nikaona ni dalili ya ubora. Nikapaka mara tatu. Farasi wa kushoto ndiye aliyefunikwa mwisho, nadhani alinikonyeza.

Mchana Mzee Gehr alikuja na lori la kikosi. Akalitazama kasha. Akanitazama mimi. Akauliza, taratibu, kama hilo ndilo kasha ambalo Salome, yaani Bibi, alimpa. Nikasema Bibi aliona lipendezeshwe kidogo. Mzee Gehr akavua kofia, mvua ikimnyeshea upara. "Basi limekuwa safi," akasema, kwa sauti inayotumika kando ya kaburi. Nikamsaidia kulipakia. Nilifanya kazi kwa bidii hata akanishukuru.

Jumamosi, 15 Machi

NIMELIPATA!

Niandike kwa utaratibu. Uwanja wa zimamoto, matope hadi kwenye vifundo. Waamishi, wale wakulima wacha Mungu wasiopanda magari, na kofia zao nyeusi upande mmoja, mawakili upande mwingine. Wake wa wanazimamoto wakigawa supu ya kuku na mahindi. Bibi nyuma ya meza ya pai.

Nilimwona akilitafuta kasha lake. Macho yake yalilipita, yakalipita tena. Kisha yakasimama. Alikuwa akikata pai. Akaendelea kukata, hadi vipande vikawa vyembamba mno kuuzwa.

Kasha likapandishwa jukwaani, kati ya mashine ya kukatia nyasi na sanduku la chupa tupu. Bi. Thorne akapiga yowe. Ilibidi akalishwe juu ya robota la nyasi na kupewa supu. Harlan alinitazama mimi moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza tangu tukiwa wadogo hakuwa na mzaha. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia nimeirudisha historia kwa wenyewe. Akasema, "Mungu wangu, Lem," akaenda garini.

Dalali akataja bei. Kimya. Akaishusha. Kimya. Akaishusha tena, akaanza kusihi: "Jamani, ni sanduku! Lina mfuniko! Mfuniko unafunguka!" Nikanyoosha mkono, nikijifanya ninapunga nzi.

Ndipo nyuma yangu kidole kikainuka. Elam Zook, mkulima wa Kiamishi, mpole kama ng'ombe na asiyechoka kama yeye. Anataka sanduku la kuwekea shayiri ya farasi. Nikapandisha bei. Akapandisha. Nikapandisha. Akanigeukia akauliza kwa upole kama nina farasi. Nikasema sina. "Basi unalitakia nini, kijana?" Nikasema kwa sauti kuu kwamba nalitaka kwa ajili ya wananchi. Akawatazama wananchi waliotuzunguka, wakakwepesha macho. Akasema yeye naye ni mwananchi, tena ana farasi wanane. Uwanja mzima ukacheka.

Nilimshinda hatimaye, bei ilipokaribia ile ya pipa jipya dukani. Akiba yangu yote ya bwenini imekwenda, na saa ya mkononi juu yake. Ushindi haukosi gharama!

Mzee Gehr akatangaza mapato ya siku. Akawashukuru wote kwa moyo wao. Pampu, alisema, itabidi itukoholee mwaka mwingine. Watu wakapiga makofi ya adabu, huku wakitazama matope.

Mimi nilikuwa na machozi ya furaha. Nililipeleka kasha nyumbani kwa toroli, nikiimba.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi njema, jua, ndoo, sponji. Bibi yuko kanisani. Nikaanza kuwaamsha watoto.

Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa. Kama nilivyotabiri.

Maji ya pili yalitoka ya waridi.

Nikayatazama. Nikajiambia ni mwanga wa asubuhi. Nikasugua kwa upole zaidi. Maji ya tatu yalitoka mekundu, yenye ukungu wa kijani. Nikainama nitazame kasha. Tulipu hazikuwa zinaamka. Tulipu zilikuwa ndooni.

Nikaacha maji, nikatumia kitambaa kikavu. Kikaondoka na farasi wa kulia. Nikatumia pamba. Ikaondoka na moyo. Lililobaki ni jina. Nililipuliza, kwa pumzi tu, naapa, na gamba likabanduka: Katarina akawa Kata, Kata akawa Ka. Kisha ubao. Msonobari mtupu, mweupe, msafi, kama kibao cha kukatia mkate.

Nilikuwa bado nimeshika sponji Bibi aliporudi. Alisimama na kofia yake ya kanisani. Alilitazama kasha kidogo tu. Ndoo aliitazama muda mrefu. Akachovya kidole, akakiinua kwenye jua, kikiwa chekundu hadi kwenye fundo. Akakifuta kwenye leso, akaikunja leso hiyo na kuiweka ndani ya mkoba, pamoja na kitabu cha nyimbo.

Akaniuliza kama nimekula.

Sikuweza. Nilikula sahani mbili tu.

Jumanne, 18 Machi

Siku mbili za tafakuri nzito. Nimefikia hitimisho.

Kosa halikuwa langu. Nilikuwa sahihi kimkakati. Chokaa ndiyo iliyosaliti. Tena, tukilitazama jambo kwa upana wake, rangi zile zilikuwa nini hasa? Jina la mmiliki! Tarehe ya umiliki! Kasha sasa halina jina, halina tarehe, halina pambo lolote la kumtamanisha tajiri. Hakuna kasha lililo huru zaidi katika jimbo zima la Pensilvania. Nilimweleza Bibi hayo wakati wa kifungua kinywa. Akaniambia niteremshe mguu kwenye kiti.

Mchana akamwita Elam Zook, akampa kasha bure. Sikushauriwa. Farasi wanane sasa wanakulia humo. Zook alisema ni sanduku zuri, halina mianya. Alinishika mkono kwa heshima kamili, jambo lililonikera kupita matusi ya Bi. Thorne.

Lakini hayo ni madogo. Pigo kubwa limekuja jioni hii. Kwa kuwa pampu bado inakohoa, Bibi ametoa kitu kingine: kabati la kona la buluu, lile lenye ndege waliochorwa milangoni! Litauzwa mwezi ujao, kwenye mnada wa dharura. Bi. Thorne amekwisha kutuma simu ya maandishi kutoka Boston kuuliza kama bado lina vumbi.

Nilianza kuhutubia. Bibi akasema kabati halipo tena nyumbani. Lilichukuliwa nikiwa naoga.

Nikaenda hadi kituo cha zimamoto. Liko pale, nyuma ya gari la moto, limefunikwa turubai. Mzee Gehr na wanaume watatu wameketi mbele yake wakicheza karata. Nikasema nimekuja kulitazama kwa macho ya kitaaluma. Mzee Gehr akasema nilitazame kutoka barabarani, na kwamba nikivuka kizingiti atanipima urefu wa mpira wake wa maji. Mmoja akauliza kama ningependa kuwapaka chokaa na wao. Walicheka mno. Hawajui wanachekea nini.

Hivi ndivyo ilivyo hali: sanaa ya wananchi imo kifungoni, na walinzi wake ni wananchi wenyewe waliopotoshwa. Wanapokezana zamu usiku na mchana. Kituo hakibaki kitupu kamwe.

Isipokuwa, bila shaka, pale moto unapozuka mahali. Hapo hukurupuka wote, wakaacha milango wazi.

Nimeketi kwenye ngazi za nyuma nikiipima hoja hii kwa utulivu wa kisayansi. Wala moto wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa.